Mwacheni mtoto akimbizane na kivuli chake

Kuna ugonjwa ambao umeenea mijini mwetu na sasa unateremka hadi vijijini, nao ni ugonjwa wa kumgeuza mtoto wa miaka miwili kuwa mwanafunzi. Mtoto ambaye juzi tu aliachishwa ziwa hununuliwa mkoba, sare, daftari la mistari na kalamu ya risasi, kisha akapelekwa kwenye kituo ambako huketishwa kitako asubuhi nzima akighani herufi za Kiingereza zilizobandikwa ukutani. Akisimama huambiwa aketi. Akicheka huambiwa anyamaze. Jioni wazazi hulifungua daftari na kuhesabu kurasa zilizojazwa, mfano wa mfugaji anayehesabu chupa za maziwa, na mwalimu ambaye hakuzijaza hutakiwa ajieleze. Zipo hata shule zinazowafanyia mahojiano watoto wa miaka mitatu kabla ya kuwapokea, kana kwamba wanatafuta kazi ya ukarani.

Watetezi wa mtindo huu hawakosi methali. Watakwambia, samaki mkunje angali mbichi. Mimi ni mtu wa lugha na methali ninaziheshimu, lakini hii ilikusudiwa malezi ya tabia. Haikukusudiwa kalamu katika mkono ambao mifupa ya kifundo chake ingali gegedu kwa sehemu kubwa. Anayemshurutisha mtoto wa miaka miwili kuandika hamkunji samaki, anamvunja.

Nataka hapa kutetea somo moja lisilohitaji daftari, lisilolipiwa karo, na ambalo kila mtoto wa Kenya amekwisha kuandaliwa vifaa vyake na Muumba. Somo hilo ni mwanga na kivuli. Huenda msomaji akacheka kwamba mhadhiri mzima wa isimu amekosa la kuandika hata akaamua kuzungumzia watoto wanaofukuza vivuli vyao uani. Namwomba asubiri kidogo.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatuma wanafunzi wangu wa shahada kwenye vituo vya kulelea watoto ili wasikilize jinsi Kiswahili kinavyoota vinywani mwa wadogo, na mara kwa mara hufuatana nao. Katika kituo kimoja tulifika mapema, jua likiwa bado chini na vivuli virefu vimelala uani. Mvulana mmoja, ambaye umri wake haukuzidi miaka miwili na nusu, alikuwa amesimama akikitazama kivuli chake kwa ghadhabu. "Toka!" alikiambia. Hakikutoka. Akapiga hatua mbili nyuma, nacho kikamfuata. Akageuka akakimbia, nacho kikamfuata nyuma. Msichana aliyemzidi umri kidogo akaja kumsaidia kwa kukikanyaga kile kivuli kwa miguu yote miwili. "Nimeshika yako," akasema. "Yako kubwa. Yangu iko huku." Mlezi mmoja kijana aliyekuwa akifagia aliinua kichwa akamjibu: "Kweli, kivuli chake ni kikubwa. Chako kiko wapi?" Yule binti akafikiri, akanyosha kidole, akasema: "Changu kiko huku."

Mwanafunzi wangu aliinakili kauli hiyo kwa furaha ya mvuvi aliyenasa nguru. Dakika chache baadaye kengele ilipigwa, watoto wakaingizwa ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo, wakaimbishwa neno la Kiingereza lenye maana ya jua mara kumi na tano. Jua lenyewe waliliacha nje.

Hebu tuyatazame maneno ya binti yule. Mwanzoni alisema "yako" na "yangu", yaani alikirudisha kivuli katika lile kapu moja ambamo lugha ya mitaani ya Nairobi hutupia takriban kila nomino. Mlezi hakumkemea wala hakumwambia "sema tena vizuri". Alichofanya ni kuirudia kauli yake ikiwa na umbo kamili, huku akiendeleza mazungumzo, na mtoto akaliokota umbo hilo pale pale. Si kila mara matokeo huonekana upesi hivyo, lakini hii ndiyo njia ambayo wanaisimu wa lugha ya watoto wameitambua tangu zamani kuwa na manufaa kuliko masahihisho: mtoto husikia umbo sahihi wakati akili yake imekishika kitu chenyewe. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza Kiswahili, aliwafuatilia watoto wanne wa Nairobi na kuonyesha kwamba katika hatua za awali mtoto hudondosha mara kwa mara viambishi vya nafsi na vya wakati kwenye kitenzi, kisha akavijaza polepole. Viambishi hivyo havijazwi kwa kuimba herufi. Hujazwa kwa kusikika na kutumika, tena penye jambo la kusemwa.

Nami sijui jambo linalomtia mtoto hamu ya kusema kuliko kivuli. Hebu fikiri: ni kitu chake, lakini hawezi kukishika. Kina mikono yake, lakini hakina macho. Asubuhi ni kirefu, adhuhuri ni kifupi, na jua likizibwa na wingu hakipo. Kwa hiyo mtoto hulazimika kuuliza "kiko wapi?", na hapo ndipo anapokutana na ile hazina ya sarufi yetu ambayo wageni huijifunza kwa jasho: kiko kule, kipo hapa ukutani, kimo ndani ya nyumba. Hulazimika kulinganisha: kirefu, kifupi, kinene, chembamba. Wakiwa wawili hufukuzana, hukanyagana, hushikana, na kauli ya kutendana huingia miguuni kabla ya kuingia kichwani.

Halafu mpe tochi. Mtoto wa miaka miwili aliyepewa tochi ataiwasha na kuizima mara mia, na mzazi ataona kwamba anamaliza betri. Mimi huona kwamba anafanya mazoezi ya minyambuliko. Taa imewaka, nimewasha. Taa imezimika, nimeizima. Tofauti kati ya jambo lililotokea lenyewe na jambo nililolisababisha mimi ni mojawapo ya mambo makuu ambayo kichwa cha mtoto kinayatafuta katika umri huo, na Kiswahili kimeitia alama waziwazi: waka na washa, anguka na angusha, ruka na rusha, chemka na chemsha. Mwanafunzi wa kidato cha pili hukaririshwa jedwali la vitenzi hivi siku moja kabla ya mtihani. Angeweza kuwa nalo mkononi tangu alipokuwa na miaka miwili.

Tena msamiati wenyewe ni mpana ajabu. Tuna mwanga, mwangaza na nuru. Tuna miale, utusitusi, giza na kiza. Mwanga humulika, hupenya, hung'ara, humetameta, hufifia. Jua huchomoza, hupanda, hufika utosini, hupinda na kuchwa. Tuna kivuli, na tuna uvuli wa mti ambamo mtu hupumzika, na tuna mwavuli ambao shina lake ni lile lile, kwa maana mwavuli si chochote ila kivuli kinachobebwa. Wenzetu wa Tanzania nakala itokayo kwenye mashine huiita nakala kivuli, na ukiwaza utaona kwamba wameipatia. Katika Dholuo neno tipo ni kivuli na pia ni roho ya mtu. Katika Gikuyu kĩĩruru ni kivuli na ni uvuli. Nacho Kiswahili hutumia kivuli hata kwa maana ya mzuka. Wazee wetu waliliona jambo hili kuwa zito. Nimesikia siku hizi watangazaji wakisema kwamba mti "unatupa" kivuli. Hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu. Mti wetu hautupi kitu. Una kivuli, au huweka kivuli, nasi tukaketi chini yake.

Kuna atakayeuliza kama kweli mtoto wa umri huo anaelewa kivuli ni nini. Jibu ni kwamba haelewi, na wala hatakiwi kuelewa bado. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, alilishughulikia suala hili katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu dhana za watoto juu ya visababishi vya mambo ya asili. Aligundua kwamba watoto wa kama miaka mitano hukichukulia kivuli kuwa ni kitu chenye mwili, kinachotoka katika kile chenye kivuli na pia katika giza la mahali pengine, na kwamba ufafanuzi kamili, yaani kivuli ni mahali ambapo mwanga umezuiwa, hupatikana karibu na umri wa miaka minane au tisa. Basi yule mvulana aliyekifukuza kivuli chake hakuwa mjinga. Alikuwa mtafiti aliyekuwa na nadharia, akaijaribu, ikakataa. Afadhali yeye kuliko mtu mzima anayekariri kanuni ya fizikia bila kuwahi kuona inachosema.

Katika mji wa Reggio Emilia nchini Italia, ambako mwalimu Loris Malaguzzi aliyefariki mwaka 1994 alijenga mfumo wa shule za watoto wadogo unaosifika duniani, walimu waliyanakili mazungumzo ya watoto kuhusu vivuli wakayatoa katika kitabu, na jina la kitabu hicho lilitokana na dai la watoto wenyewe kwamba kila kitu kina kivuli isipokuwa sisimizi. Ninachokistahi hapo ni kwamba walimu hawakukimbilia kusahihisha. Waliandika. Kwetu, kauli kama hiyo ingefutwa kwa sauti ya ukali na mtoto angejifunza jambo moja tu, kwamba kuwaza mbele ya mwalimu ni hatari.

Hata hivyo, sipendi tuyachukue mambo ya Italia kama tulivyoyachukua mengine mengi, kwa upofu. Vitabu vingi vya watoto vinavyoletwa nchini huandikwa na watu wanaoishi mbali kaskazini mwa Ikweta, na kwao kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima na hakitoweki hata siku moja. Sisi tunakaa penye Ikweta. Jijini Nairobi kijiti cha mita moja kilichosimamishwa wima huwa na kivuli cha sentimita 46 hivi adhuhuri ya mwishoni mwa Juni, nacho huelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kijiti hicho hicho huwa na kivuli cha sentimita 40 hivi, safari hii kikielekea kaskazini. Kati ya nyakati hizo kivuli huvuka, na siku ya kuvuka hakionekani kabisa. Ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu vya ualimu wanaolijua jambo hili linalotendeka mlangoni mwao? Nimewauliza wengi. Wengi wao walinichorea kivuli cha Ulaya.

Ajabu ni kwamba maarifa haya si mageni kwetu. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hilo lawezekana kwa sababu kwetu macheo hayasogei sana mwaka mzima. Tukisema jua la utosini tunautumia mwili wa mtu kuwa kipimo. Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, wamezijua nyakati za sala kwa kivuli karne na karne: adhuhuri huingia jua linapopinda na kivuli kuanza kurefuka upande wa pili, na alasiri huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kilichokuwapo adhuhuri. Nyanya aliyekaa barazani akauangalia ukingo wa kivuli cha nyumba na kumwambia mjukuu "bado kidogo" alikuwa akifundisha elimu ya falaki, wala hakujaza daftari.

Sasa nije kwa mambo ya vitendo, maana najua walimu hawapendi mhadhiri anayeishia hewani. Mtoto wa mwaka mmoja hahitaji mafunzo. Mweke chini ya mwembe saa nne asubuhi, umwache avifukuze kwa kiganja vile vijiduara vya mwanga vinavyocheza mchangani. (Mwalimu naye avitazame. Matundu kati ya majani hayana umbo maalumu, lakini vile vijiduara ni vya mviringo, kwa sababu kila kimoja ni picha ya jua. Jua linapopatwa, vyote hugeuka hilali. Tarehe 2 Agosti 2027, sehemu ya jua itafunikwa hapa Kenya, na palipo na anga safi na mti mmoja tu mtu ataweza kuyaona hayo ardhini bila kuinua macho.) Mtoto wa miaka miwili apewe tochi, leso iliyotundikwa kwenye kamba, ungo, chekecheke, chupa ya plastiki yenye maji na kijiko. Mwache agundue kwamba chekecheke ina kivuli chenye matundu na kwamba chupa ya maji ina kivuli chenye mwanga ndani yake. Akiusogeza mkono karibu na taa, mkono wa ukutani utakuwa wa jitu. Akiurudisha ukutani, utanywea. Usimweleze sababu. Mwulize: kubwa au ndogo? Kikubwa au kidogo? Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuchorewa kivuli chake ardhini kwa chokaa asubuhi na akakirudia baada ya uji. Atakuta kimemhama. Mabishano yatakayofuata yanatosha somo la wiki nzima.

Yako mambo mawili ya kuhadhari. Mtoto asizoeshwe kulitazama jua lenyewe, hata kwa mzaha, wala jicho lake lisimulikwe kwa mwanga mkali. Na penye koroboi au mshumaa, mtu mzima asiondoke. Nyumba ngapi zimeteketea kwa sababu ya shuka iliyosogea?

Usiku una somo lake. Stima ikipotea, jambo ambalo halina uhaba nchini, familia nyingi hukaa zikinung'unika na kumngoja fundi. Ni wakati huo ambapo kaka na dada wakubwa walikuwa wakitutengenezea sungura, ndege na mbwa kwa vidole ukutani, mbwa akafungua kinywa, nasi tukapiga kelele. Mchezo huo ulikuwa na faida ambayo sasa tunaipoteza: ulitufanya wenyeji wa giza. Leo giza limekuwa fimbo. Yaya asiyetaka usumbufu humtishia mtoto kwa zimwi lililo chumbani, na mzazi aliyechoka hufanya vivyo hivyo, kisha wote hushangaa mtoto akikataa kulala peke yake. Mtoto ambaye amekitengeneza kivuli kwa mkono wake mwenyewe na akakifuta kwa kuuondoa anajua siri moja ya usiku. Hatatishika kwa urahisi.

Ninajua pingamizi litakalotolewa. Mzazi atasema: wa jirani anaandika jina lake, wangu akimbizane na vivuli? Si pingamizi dogo. Mzazi huyo analipa fedha alizozipata kwa taabu, na ameona jinsi mitihani ilivyowachuja nduguze. Lakini na atazame ni kitu gani hasa anachokinunua. Mtoto anayeandika jina lake akiwa na miaka mitatu amejifunza kuchora maumbo ambayo mwenzake atayajifunza kwa majuma machache akiwa na mitano. Mtoto ambaye hadi miaka mitano hakusemezwa, hakuulizwa, hakuachwa alinganishe, abishane na kueleza, huyo ana pengo ambalo darasa la wanafunzi sitini haliwezi kulijaza. Sisi wa vyuo vikuu hukutana nalo pengo hilo miaka kumi na mitano baadaye, likiwa limevaa tai. Hukutana na vijana wanaoweza kukunakilia ukurasa mzima, lakini ukiwauliza "unafikiri ni kwa nini?" wanaangalia sakafu.

Sera zetu, kusema haki, si adui. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto aanze masomo katika lugha inayozungumzwa katika eneo la shule yake. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unaweka shughuli za mazingira na za ubunifu katika miaka miwili ya shule ya awali, na vivuli vingeingia humo bila kubisha hodi. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya awali pamoja na vituo vya kulelea watoto. Lakini kaunti hupenda kujenga, kwa kuwa jengo hufunguliwa kwa utepe. Uwanja haufunguliwi kwa utepe. Nimeona vyumba vipya vya watoto vilivyojengwa kwenye kila hatua ya kiwanja, hata pasibaki mahali pa mtoto kusimama juani. Anayechora ramani ya kituo cha watoto angepaswa kuulizwa: asubuhi kivuli cha mtoto kitaangukia wapi?

Na vyuo vya ualimu navyo vina la kujibu. Mwalimu wa chekechea hufundishwa kutengeneza chati za manila na kuzibandika, naye hupimwa kwa chati hizo anapokuja msimamizi. Ningependa kuona mwanachuo akipewa alama kwa daftari lake mwenyewe, ambamo ameyaandika maneno halisi ya watoto watano walipokuwa wakicheza uani, neno kwa neno, "yako kubwa" likiwa limeandikwa "yako kubwa". Akilisoma mara tatu ataanza kuisikia lugha ikijijenga, na hatakuwa na haja ya kuambiwa na mimi wala na Mwitaliano yeyote kwamba mchezo ni kazi.

Kwa walio Nairobi, jua litapita utosini kabisa kama tarehe 17 Machi, saa saba kasoro dakika ishirini hivi za mchana, na tena kama tarehe 26 Septemba, saa sita na dakika ishirini na tano hivi. Mombasa ni kama tarehe 10 Machi, karibu na saa sita na nusu, na tarehe 3 Oktoba, saa sita na dakika kumi hivi. Kisumu ni siku zile zile ambazo mchana na usiku hulingana. Watoeni watoto nje kwa dakika tano tu, wakiwa na kofia. Simamisheni chupa katikati ya uwanja mnamo saa nne, mkione kivuli chake, kisha mrudi saa hiyo niliyoitaja. Atakuwapo mtoto atakayeizunguka chupa, atainama, ataiinua aangalie chini yake, halafu atauliza kimekwenda wapi. Msimjibu upesi.